Mtunzi Anapokaa Kwenye Piano

Mtu akiniuliza aanzie wapi kulinganisha rekodi za koncheto za piano, humpeleka kwa Sergei Rachmaninoff. Si kwamba koncheto zake zinazishinda za Mozart au Beethoven. Ubishi huo una wenyewe. Ni kwamba Mozart na Beethoven walikufa kabla mashine ya kunasa sauti haijabuniwa, kwa hiyo yeyote anayewapiga leo anaweza kudai kuwa hivi ndivyo walivyotaka, na hakuna wa kumbishia kwa ushahidi wa masikio. Kwa Rachmaninoff dai hilo lina shida. Mzee mwenyewe alikaa kwenye piano akarekodi koncheto zake zote nne, na rekodi hizo zipo. Ukiwa na simu na bando kidogo utazisikiliza leo hii.

Jambo hilo lingetegemewa kumaliza mjadala. Badala yake limeuwasha.

Wengi wanamjua Rachmaninoff bila kujua kuwa wanamjua. Mwaka 1975 Mmarekani Eric Carmen aliichukua tuni ya sehemu ya pili ya Koncheto ya Pili akaitungia wimbo, All by Myself. Miaka ishirini na ushei baadaye Celine Dion akauimba upya, na redio zetu zikaupiga usiku baada ya usiku kwa wapenzi waliokosana. Kabla ya hao, mwaka 1945, Waingereza walikuwa wameitumia koncheto hiyohiyo kwenye filamu ya Brief Encounter, Eileen Joyce akipiga piano, ili kusindikiza penzi lisilowezekana la watu wawili waliokutana kwenye stesheni ya treni. Ndivyo Rachmaninoff alivyopewa sifa ya kuwa fundi wa machozi. Wapiga piano nao wakaipokea sifa hiyo kana kwamba imeandikwa kwenye nota: wakapunguza mwendo, wakavuta kila mwisho wa sentensi ya muziki, wakafumba macho.

Sasa fungua rekodi ya mwaka 1929, ya mtunzi mwenyewe na Okestra ya Philadelphia chini ya Leopold Stokowski. Machozi hayapo. Kuna mtu mkavu, mwepesi wa vidole, anayepita mahali ambapo wengine hupiga kambi.

Ni vizuri kujua mtu huyo alikuwa nani wakati ule. Alizaliwa Urusi mwaka 1873. Simfoni yake ya kwanza ilipoangukia pua huko Saint Petersburg mwaka 1897, alivunjika moyo kiasi cha kushindwa kutunga jambo la maana kwa karibu miaka mitatu, mpaka alipotibiwa na daktari Nikolai Dahl, aliyekuwa akitumia hipnosi. Koncheto ya Pili ndiyo matunda ya kupona kwake. Aliipiga nzima kwa mara ya kwanza Moscow mwaka 1901, na ukurasa wa mbele una jina la Dahl. Kisha yakaja mapinduzi ya 1917. Mali ikapotea, familia ikahama, na mwaka 1918 akafika Marekani akiwa na umri wa miaka 45, akiwa na watoto wa kulisha. Utunzi haukuweza kuwalisha. Akaamua kuwa mpiga piano wa kuzunguka mijini, kazi aliyoifanya hadi muda mfupi kabla ya kufa mwaka 1943. Kwa hiyo usiichukue rekodi ya 1929 kama picha ya ukumbusho ya mtunzi anayejaribujaribu kazi yake. Hapo anapiga mmoja wa wapiga piano wakubwa kabisa wa zama zake, akiwa kazini.

Nenda moja kwa moja kwenye mwanzo wa sehemu ya kwanza, maana hapo ndipo kulinganisha kunapolipa haraka. Piano iko peke yake. Inapiga mipigo minane mikubwa, kila mmoja ukiwa nota kadhaa zinazolia kwa pamoja, na baada ya kila mpigo nota moja nzito inajibu kutoka chini kabisa, kama kengele ya kanisa la Kirusi. Mtunzi ameagiza uanze kwa sauti ya chini sana na ukue hatua kwa hatua hadi kishindo. Kisha mikono inaporomoka, na okestra inaingia na wimbo mkuu.

Mkono wa kushoto una kazi ngumu hapo, kwa sababu nota zimetandazwa mbali kuliko vidole vya watu wengi vinavyoweza kufika. Rachmaninoff alikuwa mrefu karibu mita mbili na viganja vyake vilikuwa gumzo. Wenye mikono midogo huzivunja nota hizo, wakizipiga moja baada ya nyingine kwa haraka badala ya zote kwa pigo moja, na hilo pekee linaipa kengele tabia nyingine. Si dhambi, na wala mikono midogo haimzuii mtu: Alicia de Larrocha wa Uhispania, ambaye kimo chake hakikufika futi tano, aliirekodi hata Koncheto ya Tatu, ambayo ni ngumu zaidi.

Turudi kwenye mipigo minane. Kwa mtunzi, inatembea. Hakuna mpigo unaosubiriwa. Unahisi tangu wa pili kwamba kuna mahali tunakwenda. Wimbo unapoingia, mwendo ni uleule, na piano inafanya jambo ambalo wapiga piano wengi wangeliona ni la aibu: inajificha. Wimbo mkuu umepewa klarineti na jamii ya fidla, na piano imepewa kazi ya kuzunguka chini yake kwa nota nyingi za haraka. Rachmaninoff anazizungusha kama mtu anayejua kuwa hapa yeye ni msindikizaji. Ndiyo, maikrofoni za 1929 zilikuwa na uwezo mdogo, na sehemu ya kufichika huko ni lawama yao. Lakini rekodi nyingi za baadaye zimefanya kinyume kwa makusudi: fundi mitambo anaisogeza piano mbele hadi kila nota ya usindikizaji inang'aa, na wimbo wenyewe unabaki nyuma ya pazia. Ukisikiliza rekodi ya kisasa, jiulize kama ungeweza kusikia uwiano huo ukiwa umekaa ukumbini. Mara nyingi usingeweza.

Sasa mweke mpiga piano Sviatoslav Richter. Rekodi yake ya koncheto hii ilifanywa Warsaw mwaka 1959, na okestra ya jiji hilo chini ya Stanisław Wisłocki, ikatolewa na Deutsche Grammophon, mwaka mmoja kabla Richter hajakanyaga Marekani kwa mara ya kwanza. Mpigo wa kwanza haujulikani umeanza lini. Anauacha ulie, na ulie, kengele ya chini inajibu baada ya muda ambao unakufanya uangalie kama simu imekwama, kisha wa pili, mzito kidogo. Hatoi dalili yoyote kwamba ana mahali pa kwenda. Ukifika mpigo wa sita unakuwa umeacha kuhesabu sekunde, kwa sababu ukubwa wa sauti umekwisha kuwa kitu cha kuogofya. Kati yake na mtunzi, sehemu ya kwanza pekee inatofautiana kwa kama dakika moja na nusu: Rachmaninoff chini ya dakika 10, Richter zaidi ya 11.

Watu wengi, wakiisikia tofauti hiyo kwa mara ya kwanza, hukimbilia maelezo ya mashine. Husema: mzee alikuwa anakimbizwa na sahani. Na ni kweli kwamba upande mmoja wa sahani kubwa ya santuri ya enzi hizo ulibeba kama dakika nne tu, kwamba wanamuziki walilazimika kusimama katikati ya wimbo na kuanza tena kwenye sahani nyingine, na kwamba hakukuwa na kukata na kuunga: ukikosea mwishoni, upande mzima unarudiwa. Lakini hoja hiyo hainiingii akilini. Sehemu ya dakika kumi ingegawanywa kwenye pande kadhaa hata ingekuwa ya dakika kumi na moja. Gharama ya sahani moja zaidi haikuwa kitu kwa kampuni iliyokuwa inauza jina la Rachmaninoff. Tena nota zenyewe zinamtetea. Mahali wimbo mkuu unapoingia zimewekewa alama ya mapigo 66 kwa dakika, na yeye yuko karibu nayo zaidi kuliko Richter, ambaye ameiacha mbali. Alipiga haraka kwa sababu ndivyo alivyousikia.

Kuna jambo jingine la 1929 ambalo msikilizaji wa Afrika Mashariki ana masikio ya kulipokea kuliko Mzungu wa leo. Sikiliza fidla za Philadelphia zinapoucheza wimbo mkuu: kutoka nota moja kwenda nyingine kidole hakiruki, kinateleza, na utelezi unasikika. Wapiga fidla wa okestra za Ulaya na Marekani waliacha mtindo huo katikati ya karne ya ishirini, wakauona ni wa kishamba, na vijana wao wakiusikia kwenye rekodi za zamani hucheka. Aliyekulia kwenye taarabu hacheki. Ndivyo fidla inavyolia inapomjibu mwimbaji. Na utelezi huo unaeleza kwa nini mtunzi anaweza kwenda haraka bila wimbo kukauka. Uchungu umo ndani ya fidla tayari, haumhitaji mpiga piano apunguze mwendo ili auongeze. Ukiondoa utelezi, kama okestra za baadaye zilivyofanya, kitu lazima kizibe pengo, na kilichoziba ni mwendo wa pole.

Sehemu ya pili, ile ya Celine Dion, sitakaa nayo sana. Tofauti zake ni zilezile kwa sauti ya chini zaidi: mtunzi anaacha wimbo upumue na kusonga, Richter anausimamisha uutazame. Ukitaka kujua umeathiriwa kiasi gani na redio, angalia kama unasubiri maneno.

Basi nani yuko sahihi? Jibu rahisi ni mtunzi, kwa kuwa kazi ni yake. Nililishika jibu hilo kwa muda, na bado nadhani rekodi ya 1929 ndiyo ya kwanza kusikilizwa na mtu yeyote anayetaka kuijua koncheto hii. Ila Richter anakataa kufukuzwa. Ukimsikiliza hadi mwisho unagundua kwamba polepole yake ina hesabu: kila kitu kinashikiliwa ili kilipe baadaye, na kinapolipa, kinalipa na riba. Polepole ya wengi waliomfuata haina hesabu hiyo. Wamechukua mwendo wake wakaacha sababu yake, na hapo ndipo machozi ya bure yanapoanza.

Mwandishi Marietta Shaginyan, aliyekuwa rafiki wa mtunzi, ameacha kumbukumbu ya mazungumzo nyuma ya jukwaa, Rachmaninoff akiwa na huzuni baada ya onyesho ambalo ukumbi mzima ulilishangilia. Alikuwa ameikosa nukta. Kila kazi, alimweleza, ina nukta moja ya kilele, inaweza kuwa yenye kishindo au ya kunong'ona, na mpiga piano lazima apime kila kitu tangu mwanzo ili aifikie kwa wakati wake. Ikimteleza, kazi yote imebomoka. Tangu nilipoisoma habari hiyo nimeacha kulinganisha rekodi kwa saa ya mkononi. Naitafuta nukta. Kwenye sehemu ya kwanza ya Koncheto ya Pili, kwa masikio yangu, ipo pale wimbo mkuu unaporudi kwa okestra nzima huku piano ikiukanyagia chini kwa mipigo ya gwaride. Mtunzi na Richter wote wawili wanaifikia wakiwa bado na akiba. Wapo mabingwa wa majina makubwa ambao hufika hapo wamekwisha kupiga vishindo vitatu njiani, na cha nne hakina pa kwenda.

Kati ya waliokuja baadaye, wachache waliamua kumfuata mtunzi waziwazi. Zoltán Kocsis wa Hungaria alirekodi koncheto zote na okestra ya San Francisco chini ya Edo de Waart miaka ya themanini, kwa mwendo unaomkaribia mzee na mahali pengine kumpita. Zinasisimua, ila mara nyingine nasikia kasi tu. Stephen Hough, Mwingereza, alikwenda mbali zaidi mwaka 2004 alipozirekodi mbele ya hadhira huko Dallas na Andrew Litton. Yeye hakuiga mwendo peke yake. Aliirudisha tabia yote: namna ya kukaza na kulegeza ndani ya sentensi moja, piano kukubali kusindikiza, na hata fidla za Dallas zikaombwa ziteleze. Zinateleza kwa haya kidogo, kama mtu anayejaribu lafudhi ya bibi yake, lakini zinateleza.

Mpaka hapa ungeweza kusema mtunzi amepata wafuasi na kesi imekwisha. Koncheto ya Tatu ndiyo inayoivuruga.

Aliitunga mwaka 1909 kwa ajili ya safari yake ya kwanza Marekani, akaifanyia mazoezi melini kwenye kibodi isiyotoa sauti, akaipiga New York mwezi Novemba, na tena Januari 1910 chini ya Gustav Mahler. Ilimtisha kila mtu. Josef Hofmann, ambaye jina lake limewekwa kwenye kazi hiyo kwa heshima, hakuipiga hadharani hata mara moja. Na mtunzi mwenyewe, alipoirekodi na Eugene Ormandy huko Philadelphia mwaka 1939 na 1940, aliikata. Vipande vizima havipo. Koncheto ambayo leo huchukua dakika 40 na zaidi inakwisha kwa kama dakika 34.

Hapa napo watu huilaumu sahani, na hapa napo kuna ushahidi mwingine. Mwaka 1931 alimwandikia mtunzi mwenzake Nikolai Medtner kuhusu kazi nyingine, mfululizo wa mageuzo ya tuni iliyohusishwa na Corelli, akikiri kwamba hakuwa amewahi kuipiga yote. Aliongozwa na kikohozi cha hadhira: wakizidi kukohoa, anaruka mageuzo yanayofuata, wakitulia, anayapiga kwa mpangilio. Mtu huyu, aliyejaza kumbi kila alikokwenda, hakuwa na imani kwamba watu wangemvumilia. Mikato ya Koncheto ya Tatu inanuka woga huohuo. Vladimir Horowitz, aliyekutana naye New York mwaka 1928 na kumpigia koncheto hiyo huku mtunzi akishika nafasi ya okestra kwenye piano ya pili, alimshangaza mno. Naye alikata, kwenye rekodi yake ya London ya mwaka 1930 na Albert Coates, ambayo ndiyo ya kwanza kabisa ya kazi hiyo. Ni rekodi ya moto, vidole vinatisha, na mwisho wake unakuacha umesimama. Lakini kuna mahali muziki unaruka kama sahani iliyokwaruzwa, na anayeijua koncheto nzima anashtuka kila mara.

Kuna pia suala la kadensa, yaani mahali ambapo okestra inanyamaza na piano inaachiwa uwanja. Katika sehemu ya kwanza ya Koncheto ya Tatu mtunzi ameandika kadensa mbili, chagua mwenyewe. Moja ni nyepesi, ya nota za kudondoka upesiupesi kabla hazijajikusanya. Ya pili ni mlima: mipigo mizito ya mikono yote miwili, kishindo juu ya kishindo. Rachmaninoff alirekodi ile nyepesi, na Horowitz pia. Aliyeipa umaarufu ile nzito ni kijana wa Texas wa miaka 23, Van Cliburn. Mwezi Aprili 1958, Marekani na Urusi zikiwa hazitazamani usoni, alishinda shindano la kwanza la Tchaikovsky huko Moscow, mbele ya majaji ambao Richter alikuwa mmoja wao. Tarehe 19 Mei mwaka huohuo alikuwa Carnegie Hall na kiongozi wa okestra kutoka Moscow, Kirill Kondrashin, na Koncheto ya Tatu waliyoipiga usiku ule ilinaswa. Haina haraka. Tuni ya mwanzo, ambayo mikono miwili huipiga pamoja kwa urahisi wa kushangaza, anaiimba kama mtu anayetembea jioni baada ya kazi. Na kadensa kubwa inapokuja haishtui, kwa sababu alikuwa ameipandia tangu dakika ya kwanza.

Martha Argerich, Berlin, Desemba 1982, na Riccardo Chailly, anarudi kwenye ile nyepesi na kuwasha moto ambao hata Horowitz angeuheshimu. Hapo hakuna jioni wala kutembea. Mara mbili tatu okestra inaachwa nyuma ikihema, na unaisikia ikijikusanya. Kama ni lazima nichague rekodi moja tu ya Koncheto ya Tatu, siku nyingi nitachukua hii, nikijua kwamba ninamkosa Cliburn.

Wote wawili, Cliburn na Argerich, wanapiga nota zile ambazo mtunzi aliziruka. Mwanafunzi yeyote wa chuo cha muziki leo angeona aibu kuikata Koncheto ya Tatu, na rekodi zenye mikato zimebaki kuwa za wazee peke yao. Kwenye mwendo tunaweza kuendelea kumsumbua Rachmaninoff kwa ushahidi wa 1929. Kwenye mikato hakuna anayemfuata tena, hata Hough, na ukivisikiliza vipande alivyovitupa, hasa kwenye sehemu ya tatu, unaona ni kwa nini.